Mahindi yamejaa ghalani, mtoto mbona hakui?

Msimu wa mavuno ukifika, malori hupanga foleni mbele ya maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) mjini Songea. Mahindi yanashushwa, yanapimwa na kupangwa, na sehemu ya akiba ya nchi hutoka hapo. Ukipanda milima ya Umatengo wilayani Mbinga unakuta maharage, migomba na kahawa. Ukiteremka barabara ya lami ya kilomita 67 hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa linakupa usipa, mbasa na magege. Mtu akikwambia kwamba mkoa huu wa Ruvuma una njaa, utamshangaa.

Lakini Utafiti wa Hali ya Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulipopima urefu wa watoto wa chini ya miaka mitano, Ruvuma ilikutwa na asilimia 35.6 waliodumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mkoa unaolisha wengine una watoto wafupi kuliko umri wao.

Kitendawili hiki kimezungumzwa sana kwenye vikao vya lishe, na majibu yake yanajulikana: uji mwepesi wa sembe tupu, mboga inayochemshwa hadi kupoteza virutubishi, maji yasiyo salama, minyoo, malaria, mama anayeshinda shambani na mtoto anayeachiwa dada yake wa miaka saba. Yote hayo ni kweli. Lipo jingine ambalo ni nadra kutajwa kikaoni, nalo ni hali ya akili ya yule anayeshika kijiko.

Utafiti wa Moshi

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BJOG la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi, mji uliozungukwa na migomba na kahawa kama ilivyo Mbinga. Watafiti waliwafuatilia wanawake zaidi ya 1,100 tangu wakiwa wajawazito. Takribani 12 katika kila 100 walionyesha dalili za sonona baada ya kujifungua, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kufanya hata kazi ndogo. Watoto walipopimwa wakiwa na umri wa miaka miwili hadi mitatu, wale ambao mama zao walikuwa na sonona walionekana wafupi kuliko wenzao.

Moshi haiko peke yake. Jijini Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukiwahusisha wajawazito 397 ulikuta takribani theluthi moja wana dalili za sonona, na ugomvi na mwenza pamoja na umaskini vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana nazo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mjamzito mmoja kati ya sita na karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na mara nyingi tatizo hilo ni sonona.

Namna huzuni ya mama inavyofika kwenye urefu wa mtoto si muujiza. Tazama mtoto wa miezi minane anapolishwa. Anapokea kijiko cha kwanza, cha pili anakitema, cha tatu anageuza uso kumtazama kuku anayepita. Mama mwenye moyo mkunjufu anamsubiri, anamwimbia, anamchezea midomo, kisha anajaribu tena. Mlo wa namna hiyo unaweza kuchukua nusu saa. Mama mwenye sonona hana nusu saa hiyo, si kwa sababu hampendi mwanawe, bali kwa sababu subira ndiyo ya kwanza kuibwa na ugonjwa. Mtoto akigeuza uso mara mbili, bakuli linawekwa chini na uji unapoa. Chakula kilikuwapo, kimepikwa na kimepakuliwa, ila hakikufika tumboni.

Zidisha mlo huo kwa mara tatu kwa siku, kwa miezi sita. Ongeza ziwa la mama linalotolewa kwa shida, homa inayochelewa kuonekana, na siku ya chanjo iliyopita kwa sababu mama hakuweza kuinuka. Hapo ndipo mtoto anapodumaa katika nyumba yenye gunia la mahindi.

Uso wa mama ndio darasa la kwanza

Urefu ni sehemu inayopimika kwa ubao. Iko sehemu nyingine isiyopimika hivyo, ambayo wataalamu huiita afya ya akili ya mtoto mchanga. Wapo wanaocheka wakisikia maneno hayo: mtoto wa miezi mitatu ana akili gani ya kuugua? Jibu ni kwamba mtoto huzaliwa tayari kwa uhusiano. Anajifunza kama dunia ni mahali salama, kama kilio chake kina mtu wa kukijibu, na kama akiogopa kuna kifua cha kukimbilia. Wanasayansi wa ubongo wanakadiria kwamba katika miaka ya kwanza ubongo wa mtoto huunda miunganiko mipya zaidi ya milioni moja kila sekunde. Miunganiko hiyo huimarishwa na mambo yanayorudiwa kila siku: sauti, mguso, tabasamu, kujibiwa.

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa vyuoni. Alimwomba mama acheze na mtoto wake wa miezi michache kama kawaida, kisha auondoe uhai usoni: amtazame mtoto bila tabasamu, bila neno, kwa dakika chache tu. Mtoto alianza kwa kumchekea mama. Hakujibiwa. Akanyoosha mikono, akapiga kelele, akageuza kichwa, mwishoni akajikunja na kulia. Kwa mtoto wa kwenye jaribio, mama alirudi kucheka na mambo yakaisha. Kwa mtoto ambaye mama yake ana sonona isiyotibiwa, uso ule mkavu unaweza kudumu wiki, hata miezi.

Mtoto wa namna hiyo hufanya jambo linaloweza kutudanganya. Anaacha kulia. Anakuwa kimya, anatazama dari, haombi kubebwa. Majirani wanamsifu: mtoto mpole, hana usumbufu. Kumbe baadhi ya watoto wa aina hii wamejifunza kwamba kuita hakuna faida. Mwingine hufanya kinyume chake: analia kutwa, hashikiki, usingizi wake ni wa mang'amung'amu, na kila anayembeba anachoka. Wote wawili wanasema jambo moja, na hakuna kati yao mwenye maneno ya kulisema.

Hapa inabidi tuseme wazi ili asitokee wa kuchukua makala haya kama fimbo ya kumchapia mama. Sonona si ubaya wa moyo, wala si uvivu, wala si kukosa imani. Watoto wengi ambao mzazi wao mmoja anaugua akili hukua vizuri kabisa, hasa pale panapokuwa na mtu mzima mwingine aliyetulia: bibi, shangazi, baba anayerudi nyumbani na kumpakata mtoto. Madhara makubwa huja pale ugonjwa unapokuwa mrefu, mzito na wa siri, na nyumba nzima ikamwachia mama peke yake.

Afrika Mashariki ilikuwa shule ya wengine

Mara nyingi tunaambiwa kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Historia inasema vingine. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekulia Canada, alifika Kampala na kupata nafasi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwa Makerere. Alikwenda vijiji vya jirani, akazitembelea familia 26 zenye watoto wachanga, kila baada ya wiki mbili, akikaa takribani saa mbili sebuleni kwa kila familia akitazama mama na mtoto. Aliona mtoto anavyotambaa kwenda kuchungulia mgeni kisha akarudi kushika gauni la mama, kama mtu anayehakikisha nyumba bado ipo. Aliona pia kwamba watoto waliokuwa na utulivu walikuwa na mama walioweza kueleza habari zao kwa undani: anachopenda, kinachomtisha, jinsi anavyolala. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na nadharia ya uhusiano wa mama na mtoto inayofundishwa leo duniani kote ilipata uthibitisho wake wa kwanza katika vijiji hivyo vya Buganda.

Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, naye alifanya utafiti Uganda juu ya wajawazito na wazazi wapya. Alikutana na ugonjwa ambao Waganda waliuita amakiro: mama aliyejifungua anachanganyikiwa, na jamii inaamini kwamba anaweza kumdhuru mwanawe. Chanzo, kwa maelezo ya watu, kilikuwa mama kutokuwa mwaminifu wakati wa ujauzito. Cox alirudi kwao, na mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha dodoso la maswali kumi la kumtambua mama mwenye sonona. Mama anaulizwa kuhusu siku saba zilizopita: kama ameweza kucheka, kama amejilaumu bila sababu, kama amekosa usingizi kwa huzuni, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 30. Dodoso hilo limetafsiriwa kwa lugha nyingi na halihitaji mashine wala maabara.

Kwa hiyo elimu iliyochukuliwa kwa mama wa Afrika Mashariki imezunguka dunia. Inayosubiriwa ni safari yake ya kurudi, hadi kwenye benchi la zahanati ya kijiji.

Milimani na ziwani

Tumchukue mama wa mfano katika kijiji kimojawapo cha Umatengo. Amejifungua mtoto wa tatu mwezi wa kumi na mbili. Machi inapofika, kazi ya ngoro inamsubiri. Kilimo hiki cha mashimo, ambacho Wamatengo wamekitumia vizazi na vizazi kuzuia mvua isiporomoshe udongo wa milima yao, kina mgawanyo wa kazi: mwanaume anafyeka na kupanga majani katika miraba, mwanamke anachimba na kuyafunika kwa udongo, kisha anapanda maharage. Ni kazi ya kuinama kutwa kwenye mteremko, mtoto akiwa mgongoni. Jioni kuna kuni, maji, ugali na watoto wakubwa. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, na namna itakavyotumika mara nyingi si uamuzi wake. Ikipitia kilabuni kabla ya kufika nyumbani, mwaka mzima umeharibika.

Mwenzake anaishi mwambao, tuseme upande wa Liuli au Lituhi. Mume anaingia ziwani usiku na taa zake kuvua usipa, na mvua na upepo vikianza mke halali hadi asikie mtumbwi umefika. Asubuhi kazi ni ya kwake: kuanika usipa juani, kuugeuza, kuukinga na mvua, kutafuta mnunuzi. Wapo wanaume wanaofuata samaki kambi kwa kambi na kukaa miezi bila kurudi, na mama mwenye kichanga akabaki na wakwe ambao hajawazoea.

Hakuna kati ya hawa wawili atakayesema ana sonona. Watasema mwili hauna nguvu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mawazo ni mengi. Zahanati itawapima malaria na kuwapa panadoli. Wakiulizwa na mama mkwe, wataambiwa kila mwanamke amezaa, wao si wa kwanza.

Mtoto akianza kukonda, mambo yanazidi kuwa mabaya. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto mdhaifu husemwa kuwa amebemendwa, kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa au wazazi wamekutana mapema mno. Kama ilivyo kwa amakiro ya Buganda, imani hii inatafuta kosa katika mwenendo, na mara nyingi kidole kinamwangukia mama. Mama ambaye tayari usiku kucha anajilaumu, sasa analaumiwa na ukoo. Anaogopa kumpeleka mtoto kliniki, maana huko nako atahojiwa kwa nini mtoto yuko hivi. Hapo ndipo mgonjwa mmoja anapogeuka wagonjwa wawili.

Siku ya kliniki

Ikifika siku ya kliniki, mizani inaning'inizwa kwenye boriti au tawi la mwembe. Mtoto anavalishwa kikaptula cha kupimia, anatundikwa, anarusha miguu na kupiga kelele, muuguzi anasoma namba na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta ikiwa kwenye kijani, mama anapongezwa. Ikiteremka kwenye kijivu au nyekundu, anapewa ushauri: ongeza karanga kwenye uji, saga usipa, mlishe mara tano. Mama anaitikia, anamfunga mtoto mgongoni, anaondoka. Nyuma yake kuna foleni ya wengine 40.

Ushauri ule ni sahihi. Kasoro yake ni kudhani kwamba mama hakujua. Wengi wanajua, kwa sababu wameusikia tangu mtoto wa kwanza. Wanachokosa ni nguvu ya kuutekeleza, na nguvu hiyo haiongezwi kwa kurudia somo. Muuguzi anayepima uzito wa mtoto kila mwezi kwa miaka mitano ana nafasi ambayo daktari bingwa wa afya ya akili hatakaa aipate: anamwona mama huyo huyo mara kwa mara, anamjua, anaweza kugundua kwamba mwezi uliopita alikuwa akicheka na mwezi huu hainui macho.

Cha kushangaza ni kwamba sheria yetu ilikwisha kulitambua jambo hili zamani. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mwanamke anayesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, wakati akili yake imevurugika kwa kuwa hajapona athari za uzazi au za kunyonyesha, hahukumiwi kama muuaji wa kukusudia. Adhabu yake ni kama ya aliyeua bila kukusudia. Ina maana mahakama inakubali kwamba uzazi unaweza kuvuruga akili ya mama kwa mwaka mzima. Kama hakimu anatakiwa kulijua hilo baada ya msiba, muuguzi na familia walitakiwa kulijua kabla.

Tiba haihitaji ghorofa

Madaktari bingwa wa afya ya akili ni wachache nchini, na wengi wako katika miji mikubwa. Kungoja kila wilaya ipate wake ni kungoja kizazi kizima. Bahati nzuri, ushahidi unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa na watu wa kawaida waliofundishwa vizuri.

Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini Pakistan. Wahudumu wa afya wanawake, wasio madaktari wala wanasaikolojia, walifundishwa kuwatembelea mama wenye sonona nyumbani na kuzungumza nao kwa utaratibu: kuyageuza mawazo ya kukata tamaa, kupanga hatua ndogo za siku, kuishirikisha familia. Mtoto alipofikisha miezi sita, mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 katika kundi lililopata mazungumzo hayo, na asilimia 53 katika kundi lililotembelewa bila mazungumzo hayo. Mwaka uliofuata, utafiti wa Khayelitsha nchini Afrika Kusini ulionyesha upande wa mtoto: pale akina mama wa mtaani walipofundishwa kuwatembelea wenzao tangu ujauzito, watoto waliokuwa na uhusiano wa utulivu na mama zao wakiwa na miezi 18 walifika asilimia 74, dhidi ya asilimia 63 kwa wasiopata huduma hiyo.

Tanzania ina watu wa kufanya kazi hiyo, au iko njiani kuwapata. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwafikia 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Desemba 2021 ilikuwa imezindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo inataka afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji na malezi yenye mwitikio viende pamoja. Kwenye karatasi milango iko wazi. Inabaki kuhakikisha kwamba mhudumu anayefika nyumbani kuuliza habari ya chandarua na choo anauliza pia habari ya moyo wa mama, na kwamba akipata jibu la kutisha anajua ampeleke wapi.

Umatengo una akiba yake. Zamani ukoo uliokaa ntambo mmoja, yaani mlima na bonde lake, ulikuwa na sengu. Wanaume walikutana nyumbani kwa babu, chakula kikaletwa kutoka kila nyumba, watu wakala pamoja na kuzungumza habari za mashamba, ugomvi wa ndoa na mwenendo wa vijana. Nyumba iliyokwama haikuweza kujificha kwa muda mrefu. Sengu ilififia, ingawa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walishirikiana na wanavijiji kuirejesha katika shughuli za maendeleo. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: mwanamke alileta chungu, hakukaa kikaoni. Sengu ya leo lazima imkalishe. Na pale ambapo sengu haipo, zipo jumuiya ndogondogo, vikundi vya wanawake Wakatoliki (WAWATA), vikoba na makundi ya akina mama waanikaji wa usipa. Watu tayari wanakutana kila wiki. Kilichobaki ni kuongeza ajenda moja.

Familia ifanye nini

Machozi na mabadiliko ya hisia katika siku chache za kwanza baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, na huisha yenyewe mama akipumzika na kusaidiwa. Zikipita wiki mbili naye bado ana huzuni, hana usingizi hata mtoto akilala, hana furaha na chochote, anajiona hafai, anamkwepa mtoto au anahofu kupita kiasi juu yake, hiyo si deko. Apelekwe kituo cha afya, na aliyempeleka aseme wazi kilichowaleta. Mazungumzo ya ushauri ndiyo tiba ya kwanza, na kwa hali nzito zipo dawa ambazo mama anaweza kuzitumia huku akinyonyesha, kwa maelekezo ya daktari. Asiachishe ziwa wala kuacha dawa kwa ushauri wa jirani.

Iko hali nyingine ya hatari zaidi, inayompata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mama anakesha siku kadhaa bila kuchoka, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au ana kazi maalumu aliyotumwa, maneno yake hayashikani. Hiyo ni dharura sawa na kutoka damu. Asiachwe peke yake na mtoto, asifungwe kamba, asizungushwe kwa waganga. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe ya wilaya au ya misheni kama Litembo au Liuli, apimwe pia malaria, maambukizi ya uzazi na shinikizo la damu, kwa sababu hayo nayo yanaweza kumchanganya mtu. Wengi wakitibiwa mapema hupona na kurudi kulea.

Baba naye asijione mtazamaji. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2010 ulikadiria kuwa karibu baba mmoja kati ya kumi hupata sonona kipindi cha ujauzito wa mwenza au mwaka wa kwanza wa mtoto. Kwa wanaume huzuni hiyo mara nyingi hutokea mlango mwingine: pombe, ukali, kutokurudi nyumbani. Mtoto mchanga hutishwa na kelele za ugomvi hata kama haelewi neno moja. Baba anayembeba mtoto saa moja jioni ili mama aoge, ale na alale, anatoa huduma ya afya ya akili kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Haimgharimu shilingi.

Bibi na mama mkwe wana nguvu kuliko wanavyodhani. Kwetu mama mzazi alipikiwa mtori au uji wa pilipili manga, akakandwa maji ya moto, akapumzishwa siku arobaini. Desturi hiyo ilikuwa kinga. Shida yake ni kwamba baada ya siku hizo watu huondoka wote kwa pamoja, na sonona ya wengi huonekana pale nyumba inapobaki kimya.

Kwa madiwani wa Mbinga na Nyasa

Chini ya mkataba wa lishe, kila halmashauri inatakiwa kutenga Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya shughuli za lishe. Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, ya Mji wa Mbinga na ya Nyasa zote zinahusika. Fedha hizo hununua matone ya vitamini, huendesha maonyesho ya mapishi na vikao vya tathmini. Hakuna sababu sehemu yake ndogo isiwafundishe wauguzi wa kliniki na wahudumu wa vitongoji kutumia maswali kumi ya kutambua sonona, na isitengeneze njia inayoeleweka ya rufaa kutoka kitongojini hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea.

Tumejaribu kwa miaka mingi kuondoa udumavu kwa kumwambia mama afanye zaidi. Wakati umefika wa kumuuliza anaendeleaje. Tathmini ya lishe ya robo mwaka ijayo itakapowekwa mezani, diwani asiishie kuuliza ni watoto wangapi wamepimwa. Aulize na hili: mama wangapi wameulizwa habari zao wenyewe, na waliosema wanaumwa wamesaidiwa nini? Asipopata jibu, asiipitishe taarifa hiyo.